Pishi na Kibaba katika Biblia ya Kiswahili

Biblia isomwayo na walio wengi wetu makanisani na mashuleni ni ile iitwayo ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitolewa mwaka 1950, na kitabu kizima mwaka 1952. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya lugha yake: juu ya sarufi, juu ya maneno ya asili ya Kiarabu, na juu ya jinsi Kiunguja na Kimvita vilivyopatanishwa ndani yake. Juu ya vipimo vyake hatuoni kwamba yamesemwa ya kutosha. Basi twataka kuviangalia hapa vipimo viwili tu, pishi na kibaba. Hivi ni vipimo vya watu wa Unguja, wala si vya kukopa vitabuni. Nao wafasiri wamevitia katika Maandiko, pahali pengine kwa ustadi mkubwa, na pahali pengine kwa hasara ya maana. Mwalimu asiyezipambanua pahali hizo huweza kuhubiri mfano wa Bwana wetu na kuupunguza ukubwa wake bila kujua.

Hatusemi haya kwa kuwatweza wale wazee. Tangu siku za Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufariki huko mwaka 1882, kazi ya kufasiri imefanywa na watu waliosikiliza kwanza ndipo wakaandika. Lakini kazi njema ndiyo istahiliyo kupimwa kwa kipimo cha haki.

I. Pishi ni nini Unguja

Kwanza yatupasa kujua kitu chenyewe. Pishi si uzani, ni kipimo cha ujazo. Ni chombo cha mti au cha bati. Hujazwa nafaka, ikamwagwa, ikahesabiwa moja, kikajazwa tena. Hesabu yake ni hii: vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili, yaani vibaba vinne, ni pishi moja, pishi sitini ni mzo mmoja. Frasila, ratili na wakia ni jamii nyingine, jamii ya mizani, wala hazichanganyiki na hizi ila katika makadirio ya wafanya biashara.

Makadirio hayo huandikwa katika kamusi na vitabu vya hesabu, kwamba pishi ni ratili sita hivi. Kauli hii yafaa kwa kumwongoza mgeni, lakini mwalimu asiifundishe kama sheria. Pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani katika mizani, na pishi ya karafuu mbichi ni nyingine tena. Kwa ujazo twaweza kuikadiria pishi kuwa lita mbili na nusu hata tatu, na kibaba kuwa robo yake. Makadirio haya yatosha kwa mambo tutakayoyasema.

Pili, kila kipimo cha namna hii kina hali mbili, nazo zina majina. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya mdomo wa chombo. Kibaba cha mfuto ni kile kilichopanguswa kwa mkono au kwa kijiti, nafaka ikawa sawa na mdomo. Chombo ni kile kile, na jina la kipimo ni lile lile, bali kilichomo si sawa. Mnunuzi hutaka tele na muuzaji hupenda mfuto, na katika vibaba mia kichuguu hicho kidogo ni chakula cha nyumba kwa siku nyingi. Methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba hunenwa kwa kusifu subira. Lakini haba na haba hukipunguza kibaba vile vile, na maskini ndiye wa kwanza kujua.

Mtu atasema, Mambo haya ni ya kale. Leo mtoto wa mjini hununua unga kwa kilo. Ni kweli kwamba mizani ya kilo imetawala dukani, tokea Darajani hata maduka madogo ya shamba. Lakini pishi haijafa, na pahali pawili iko hai kabisa. Pahali pa kwanza ni katika karafuu. Mchumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi alizozichuma, na karafuu hizo zikisha kukauka huuzwa kwa uzani, zamani kwa frasila, leo kwa kilo. Hivyo zao moja hupita katika vipimo viwili: mchumaji hujua ujazo, mnunuzi hujua mizani. Na kwa mchumaji swali la tele na mfuto si swali la kamusi. Ni swali la mshahara wake.

Pahali pa pili ni katika zaka ya fitri, watoayo jirani zetu Waislamu mwisho wa Ramadhani. Sheria yao yataka kila kichwa katika nyumba, mkubwa na mdogo, kitolewe saa moja ya chakula cha watu wa mji. Na saa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi Unguja, ni mudi nne. Kwa kuwa mudi nne hufanya saa kama vibaba vinne vifanyavyo pishi, watu wa pwani huifasiri saa kwa neno pishi na mudi kwa neno kibaba. Basi kila mwaka, katika kila mtaa wa Mji Mkongwe, neno pishi husikiwa likiwa na kiasi chake kamili, kwa maana sadaka ikipungua hapo haikutimia.

Tumeyaeleza haya kwa urefu ili lijulikane jambo moja. Neno pishi katika masikio ya mtu wa Unguja si jina la kipimo chochote tu. Lina hesabu, lina chombo, na lina mizozo yake. Mfasiri alitiaye katika Maandiko hutia na hayo yote. Haya yaweza kumsaidia au kumponza.

II. Taa chini ya pishi

Tuanze na pahali pajulikanapo kuliko pote, Mathayo 5:15, ambapo twasoma juu ya taa na pishi. Na ndivyo ilivyo katika Marko 4:21. Neno la Kiyunani hapo ni modios, nalo limetoka katika lugha ya Kirumi. Modio ya Kirumi ilikuwa na ujazo wa lita nane na nusu na zaidi kidogo, yaani kama pishi tatu za kwetu. Je, wafasiri walikosa kwa kuandika pishi?

Twaona kwamba hawakukosa. Katika maneno haya Bwana wetu hapimi kitu, ataja chombo. Modio ilikuwa chombo cha kupimia nafaka kilichokuwamo nyumbani mwa watu, kilicho karibu na mkono wa mtu yeyote, na upumbavu wa kukifunikizia taa waonekana mara moja. Pishi ni chombo cha namna hiyo hiyo. Taa ya udongo ya siku zile ilikuwa ndogo, na pishi yatosha kuifunika. Kama wangaliandika kipimo, taa ingalikuwa chini ya neno lisilo na umbo. Kama wangaliandika modio, msomaji angalitafuta kamusi. Pishi ni neno jema hapa, nalo na likae.

Hapa ndipo tupatapo kanuni yetu ya kwanza: yatupasa tuulize kipimo kina kazi gani katika maneno yale. Kikiwa ni chombo tu, ujazo wake si neno kubwa.

III. Kila kichwa pishi moja

Katika Kutoka 16 Wana wa Israeli waamriwa kuokota mana, kila kichwa omeri moja, na wafasiri wameandika pishi. Mwisho wa sura hiyo, katika kifungu cha 36, waelezwa kwamba kipimo hicho ni sehemu ya kumi ya efa. Efa hukadiriwa na wataalamu wengi kuwa lita ishirini na mbili hivi, ijapokuwa wako waikadiriao zaidi. Basi omeri ni lita mbili na kidogo. Pishi yazidi hiyo, lakini haizidi sana. Kwa ujazo, wafasiri wamekaribia.

Lakini sifa yao hapa si ya ujazo tu. Kibaba pwani hii kilikuwa ndicho posho. Misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilipima chakula cha wapagazi kwa kibaba: kibaba kimoja cha nafaka, mtu mmoja, siku moja. Ndicho kiasi cha kumwezesha mtu kuinuka kesho na kuchukua mzigo wake tena, wala hakikuwekwa kwa kumshibisha. Na sisi tusalio Mkunazini, katika kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka ule ule, hatuwezi kulisikia neno posho kama neno la hesabu tu.

Sasa msomaji na asome tena habari ya mana. Watu waliotoka utumwani wapewa, kila kichwa, si kibaba bali pishi: posho nne kwa siku moja. Naye aliyeokota kingi hakuzidiwa, wala aliyeokota kichache hakupungukiwa. Mtu wa Unguja asikiaye haya ajua bila kuelezwa kwamba Mungu hakuwapimia watu wake kwa mkono wa bwana wa watumwa. Hata tukihesabu kwa ukali, omeri ni vibaba vitatu na zaidi; maana hubaki ile ile. Na jambo la kila kichwa pishi moja lamkumbusha fitri ya jirani zake, ambayo nayo huhesabiwa kwa vichwa, mtoto kama mtu mzima. Mwalimu mwenye busara atautumia ukumbusho huo, kwa maana kitu kijulikanacho mtaani huelewesha kilicho mbali.

IV. Kibaba na nusu rupia

Kazi iliyo bora kuliko zote katika jambo hili, kwa maoni yetu, imo katika Ufunuo 6:6, na pahali hapo hapo mna kasoro yake. Mpanda farasi mweusi ana mizani mkononi, na sauti yatangaza bei ya ngano na ya shayiri. Kipimo katika Kiyunani ni khoiniksi, chenye ujazo wa lita moja na kidogo. Wafasiri wameandika kibaba.

Mwenye kupima kwa lita atasema kwamba kibaba ni kidogo mno. Lakini khoiniksi katika maneno haya haina kazi ya kupima ghala. Ni chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Herodoto, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alipotaka kukadiria nafaka iliyoliwa na jeshi la Xerxes, alihesabu khoiniksi moja ya ngano kwa kila mtu kwa siku. Kwa Wayunani khoiniksi ilikuwa posho ya askari na ya mtumwa. Basi khoiniksi ni kibaba, si kwa ujazo bali kwa desturi, na desturi ndiyo maana ya maneno haya. Kama wangaliandika kipimo kimoja cha ngano, tusingalijua kama ni gunia au kikombe, njaa isingalionekana. Kwa neno kibaba, njaa yaingia nyumbani.

Kasoro ni bei. Kiyunani chasema dinari, na wafasiri wameandika nusu rupia. Neno lile lile dinari katika Mathayo 20:2, katika mfano wa wenye kazi katika shamba la mizabibu, wameliacha kama lilivyo, dinari. Hivyo uzi unaounganisha sehemu hizi mbili umekatwa. Katika Mathayo twajifunza kwamba dinari ni ujira wa mtu wa kutwa. Katika Ufunuo twapaswa kusikia kwamba ujira wa kutwa wanunua kibaba kimoja tu cha ngano: mtu afanya kazi tangu alfajiri hata jua kuchwa, naye apata posho yake mwenyewe, mkewe na watoto wasipate kitu. Akitaka nao wale, hana budi kuiacha ngano na kununua shayiri, vibaba vitatu. Hesabu hii ya kutisha yaonekana kwa yeye ajuaye thamani ya dinari. Nusu rupia haimwambii neno.

Tena rupia ilikuwa imekwisha kupita. Unguja iliacha rupia na kushika shilingi mwaka 1936, miaka kumi na minne kabla ya Agano Jipya la Muungano kutolewa. Wazee wa wakati huo waliikumbuka, lakini watoto wao waliisoma kama walivyoisoma shekeli. Bei za fedha huchakaa upesi kuliko vipimo vya chakula. Sarafu hubadilika kwa amri ya siku moja, bali tumbo la mtu hutaka kiasi kile kile. Mfasiri atakayeipitia tena sura hii na aandike dinari, akiache kibaba mahali pake.

V. Pishi tatu za unga

Sasa twafika pahali palipotufanya tushike kalamu. Katika Mathayo 13:33, na katika Luka 13:21, Bwana wetu aufananisha ufalme na chachu aliyoitia mwanamke katika unga, na wafasiri wameupima unga huo kwa pishi tatu. Neno la Kiyunani ni sata, nalo ni lile la Kiebrania, sea. Sea tatu ni efa moja. Basi na tuweke mambo mawili pamoja. Kwa Kutoka 16:36 pishi ni sehemu ya kumi ya efa. Kwa Mathayo 13:33 pishi ni sehemu ya tatu ya efa. Kitabu ni kimoja, jalada ni moja, na pishi ni mbili, moja yaishinda nyingine mara tatu na zaidi. Mwanafunzi wa darasa la hesabu aweza kumwuliza mwalimu wake, Efa ina pishi ngapi? na mwalimu akakosa la kujibu.

Hata hivyo hesabu peke yake isingalitutaabisha. Wafasiri wangeweza kusema kwamba walitaka neno lijulikanalo, na kwamba mfano si somo la vipimo. Kwa taa tumewakubalia. Lakini hapa kipimo si chombo, wala si posho. Ni wingi, na wingi huo ndio nusu ya mfano. Sea moja ni lita saba na zaidi. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aikadiria kuwa modio moja na nusu za Kirumi, na hizo ni lita kumi na tatu. Tukishika kadirio dogo, unga wa yule mwanamke ni lita ishirini na mbili, zaidi ya debe zima la galoni nne. Tukimfuata Yosefo, ni zaidi ya madebe mawili. Huo si unga wa kulisha nyumba moja. Ni unga wa karamu, wa kulisha watu mia na zaidi. Mwanamke mmoja, chachu kidogo, na rundo la unga lisilowezekana kukandwa kwa urahisi na mikono miwili: ndilo jambo walilolisikia wale waliomsikiliza Bwana, na pengine walicheka kidogo kwa mshangao.

Msomaji wa Unguja asikia nini? Pishi tatu, yaani vibaba kumi na viwili. Ni unga mwingi kiasi, kama wa nyumba iliyopata wageni. Hakuna mshangao. Mama yeyote wa Ng'ambo au wa Makunduchi amekwisha kukanda unga wa kadiri hiyo siku ya arusi au hitima, tena bila kumwita jirani. Basi udogo wa chachu umebaki, bali ukubwa wa unga umepotea, na ufalme wa mbinguni umeshuka kutoka karamu ukawa chakula cha jioni. Twaona kwamba hii ni hasara ya kweli, na yazidi kuwa hasara kwa sababu neno ni jema na lajulikana. Neno geni humfanya msomaji aulize. Neno alijualo humfanya aridhike.

Kuna hasara nyingine. Katika Mwanzo 18:6 Ibrahimu amwambia Sara akande unga kwa ajili ya wageni watatu waliokuja Mamre, na kiasi ni kile kile, sea tatu. Hapo wafasiri wameandika vipimo vitatu. Gideoni, katika Waamuzi 6:19, atengeneza mikate ya efa moja. Hana, katika 1 Samweli 1:24, apanda kwenda Shilo na efa moja ya unga. Mara tatu kiasi hiki chaonekana katika Agano la Kale mbele za Mungu au mbele ya mjumbe wake, ambapo mtu atoa zaidi ya haja. Yamkini wasikilizaji wa Bwana, waliolelewa katika Maandiko, waliposikia sea tatu walimkumbuka Sara. Mkristo wa Kiswahili hawezi kumkumbuka, kwa kuwa kwa Sara ni vipimo, kwa Gideoni na Hana ni efa, na kwa mwanamke wa mfano ni pishi. Majina matatu yameficha kiasi kimoja.

VI. Efa ya Amosi

Pahali pa mwisho ni Amosi 8:5. Nabii awashitaki wafanya biashara wangojao Sabato ipite ili wauze nafaka, wakipunguza kipimo na kuongeza mizani ya fedha. Hapa wafasiri wameandika efa. Neno hili lina haki yake katika Torati, kama katika Walawi 19:36, ambapo vipimo vyatajwa kwa majina yao ili vihifadhiwe. Lakini Amosi hatungi jedwali la vipimo, ashitaki wizi. Na wizi wenyewe watu wetu waujua sana: ni kopo lililobonyezwa chini, ni kibaba cha mfuto kiuzwacho kwa bei ya tele, ni pishi ya mchumaji ishindiliwayo kwa kiganja kabla ya kuhesabiwa. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo, kupunja, na jirani zetu wana sura nzima katika Kurani, ya 83, iwalaaniyo wapunjao. Mkristo wa Unguja asomewapo kwamba watu wa Israeli waliipunguza efa, husikia habari ya watu wa kale na kitu cha kale. Dhambi yamkosa kwa sababu jina la chombo limemkosa.

Tuseme pia neno la sifa. Katika Luka 6:38, ambapo Bwana asema juu ya kipimo chema kitakachomiminwa kifuani, wafasiri wametumia vitenzi vya sokoni, kushindilia na kusukasuka, na mtu yeyote aliyewahi kununua nafaka kwa kopo aona mikono ikifanya kazi. Hicho ni kibaba cha tele, ijapokuwa jina lake halikutajwa. Kama roho ile ya Luka 6 ingaliwaongoza katika Amosi 8, tungalikuwa na pande zote mbili za jambo moja, mkono upunjao na mkono utoao.

VII. Tufanyeje?

Hatudai kwamba kila kipimo cha Biblia kigeuzwe kuwa lita na kilo. Kilo katika kinywa cha Amosi ingekuwa upuuzi, na mfano wa chachu ukipimwa kwa lita ishirini na mbili ungefanana na hati ya bohari. Twapendekeza mambo haya machache kwa wale watakaopewa kazi ya kuipitia tafsiri, na zaidi kwa walimu ambao hawana budi kufundisha kwa kitabu walicho nacho leo.

Pishi na ibaki katika habari ya taa, kwa kuwa hapo ni chombo. Na ibaki katika habari ya mana, kwa kuwa yakaribia kiasi, na desturi yake ni ile ile, kila kichwa sehemu yake. Kibaba na kibaki katika Ufunuo, na nusu rupia iondoke, dinari ishike mahali pake. Katika mfano wa chachu pishi iondolewe, yaandikwe maneno yale yale ya Mwanzo 18:6, vipimo vitatu, ili Sara na yule mwanamke waonane tena. Naye mwalimu aseme kwa kinywa chake kwamba huo ni unga wa kujaza debe na kuzidi. Katika Amosi yaandikwe kwamba walipunja kipimo, na mwalimu asiogope kutaja kibaba cha mfuto.

Kuna watakaosema kwamba tunasumbukia mambo madogo. Twajibu kwamba kipimo ni jambo dogo mpaka uwe wewe upimiwaye. Mchumaji ajua, mwenye kutoa fitri ajua, na mama anunuaye chakula cha jioni ajua. Watu hao ndio wasikilizaji wetu, na masikio yao katika jambo hili ni makali kuliko yetu. Tukiwasomea pishi mahali pasipo pishi, hawatatusahihisha. Wataridhika na unga mdogo, wasijue kwamba wamepunjwa.

Tungefurahi kupata habari kwa wasomaji wa Pemba, wa Mrima na wa bara, kwamba pishi na kibaba kwao vina kiasi gani, vina chombo cha namna gani, na kama majina ya tele na mfuto yangali yakitumiwa. Maana tafsiri hii husomwa mbali sana na Unguja, na haifai kwamba neno la kisiwa kimoja lihukumiwe na watu wa kisiwa hicho peke yao.